Maneno Niliyoyaruka Mbele ya Mama Yako

Mwanangu Batuli,

Salamu nitazifupisha, maana umelala chumba cha pili na kila nikiinua kichwa nauona mguu wako uliotoka nje ya blanketi. Kesho wewe na baba yako mnapanda ndege ya kwenda Mombasa kwa Bibi, mama yake baba yako. Mimi na babu yako tutarudi Riyadh kwa basi, na kile chumba chetu cha huko mtaa wa Suwaidi, tulicholala wawili tangu mama yako aondoke, kitakuwa changu peke yangu. Zamani nilikitaka sana kiwe changu. Sasa sijui nitakifanyia nini.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za kutii, wala za kutomaliza achari ya watu. Hayo umeambiwa na kila aliyepita hapa Kandara, Jeddah, wiki hii, na wengine walikuambia huku wanakula biskuti zako. Mkataba mpya wa baba yako hauna nafasi ya familia, ikama yako, kile kibali cha kukaa hapa, inakwisha, na hilo nalo umelisikia mpaka umelichoka. Mimi nataka kukuandikia habari za mama yako na zangu.

Najua barua ya namna hii huandikwa na mzazi aliyekwisha kuishi. Mimi nimemaliza shule juzi. Lakini kwetu ndugu wa kike wa mama naye ni mama, hakuna anayemuuliza umri, na tangu dada yangu Riziki alipofariki wewe umeniita mamdogo na mimi nimekuita mwanangu. Mwanzoni nilikuita hivyo kwa sauti ya chini, nikiogopa watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Kwa hiyo nichukulie hivi nilivyo.

Nianze na siku ile ya Suwaidi. Wewe ulikuwa na miaka sita. Mama yako alikuja nawe kutoka Jeddah kututembelea, na ikawa wanawake wa kwetu wamealikwa nyumbani kwa Mama Zubeda, yule nesi wa Kitanzania anayekaa ghorofa ya chini. Alikuwa amemwomba daktari mmoja mwanamke, Msudani, aje azungumze nao kuhusu saratani za wanawake. Walikuja wake za watu, wakaja na dada wachache wa Kenya wanaofanya kazi majumbani, wale waliokubaliwa na mamadam zao kutoka. Daktari alizungumza Kiarabu. Alihitajika mtu wa kutia Kiswahili, na babu yako, bila kuniuliza, alikwisha kusema kuwa Sauda anaweza.

Kiarabu nilikiweza kweli. Watu ndio nilikuwa siwawezi. Wewe unanijua, mimi hata dukani namwonyesha muuzaji kwa kidole ili nisiseme. Nilisimama pembeni ya daktari nikiangalia zulia. Mama yako alikaa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, akaniambia, "Mfasiri wetu, paza sauti, sisi si paka." Wote wakacheka na mimi nikazidi kujikunja.

Sehemu ya matiti niliifikisha. Namna ya kujipapasa, uvimbe, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani, yote niliyasema, ingawa nilikuwa nikiyatupa haraka haraka kama mtu anayetembea juu ya mchanga wa moto. Kisha daktari akaingia kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Akasema taratibu, akatazama kila mmoja, kwamba mwanamke akiona damu isiyo ya siku zake, au akiona damu baada ya kulala na mumewe, au akiona damu ilhali alikwisha kukoma hedhi, asingoje, aende akapimwe. Akaeleza kwamba kipimo chenyewe ni kifupi, na kwamba ugonjwa ukishikwa mapema unatibika.

Nilielewa kila neno. Nikamwona mama yangu mzazi ameketi pale. Nikawaona wanawake wanaotupikia harusini na waliowahi kunibeba mgongoni. Nikajiuliza watasema nini wakisikia msichana wa miaka kumi na tano anataja kulala na mume. Nikasema, "Na kama kuna matatizo mengine ya kike, mtu amwone daktari."

Mmoja akauliza huko nyuma, "Kiarabu kirefu vile, Kiswahili ndio hiki tu?" Wakacheka tena. Mama yako alicheka kuliko wote. Daktari naye akatabasamu, akidhani amesema jambo la kuchekesha.

Jioni yake mama yako alinifuata. Nilikuwa nakukunjia nguo zako. Akaniuliza yule daktari alisema nini pale nilipokatiza. Nikamjibu kwamba ni mambo ya wakubwa. Akaniambia, "Sasa mkubwa si mimi? Sema." Alikuwa anatania, lakini alikaa kitandani akangoja, na mama yako hakuwa mtu wa kungoja. Nikasema chai inachemka. Nikaenda jikoni, nikasimama huko mpaka nikamsikia ametoka.

Siku hizo alikuwa tayari anaiona ile damu. Alikuwa anachomwa sindano ya uzazi wa mpango, na rafiki zake walimwambia sindano huvuruga siku, basi akaiachia sindano lawama yote. Aliendelea kuiachia mwaka mzima. Alipokwenda hospitali hapa Jeddah ni kwa sababu mgongo ulikuwa haumpi usingizi, na walipompima walikuta ugonjwa umekwisha kutembea.

Sikuandikii haya ili unihukumu wala ili unisamehe. Nyumbani kila mtu anayajua; nilimwambia babu yako, nikamwambia mama yangu, na mama yako mwenyewe nilimwambia akiwa wodini. Nilikwenda na hotuba nzima kichwani. Nilipofika nikaanza kulia kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Alinisikiliza, akanisogezea boksi la tishu, akasema, "Sauda, mimi ndiye niliyekuwa na mume na mtoto. Kiarabu changu cha sokoni kingetosha kumuuliza yule daktari pale mlangoni alipokuwa anavaa viatu. Nilimwendea kabisa. Nikamuuliza kama amekula." Kisha akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na mimi sikujua nicheke naye au nimwite nesi.

Yale maneno yake nimeyageuza sana. Kuna siku yananipa nafuu. Siku nyingine nasema, kama mkubwa yule, mwenye ulimi ule, naye aliona haya, basi ndiyo sababu zaidi ya mimi kutoruka, maana mimi nilikuwa nimepewa kazi ya kusema. Yeye hakuwa amepewa.

Kuna kosa jingine ambalo halikuwa langu peke yangu, na ningependa ulijue kwa sababu utalikuta hata Mombasa. Bima ya kampuni ya baba yako ilifika mahali ikagoma. Babu yako akataka kuwaambia jamaa wa Riyadh na Jeddah wasaidie. Hapa mtu hasimami tu akakusanya michango ya hadharani, sheria haimruhusu, lakini jamaa kwa jamaa wanajuana na wangesaidiana. Mama yako alikataa. Alisema watauliza anaumwa nini. Tukakaa sebuleni sisi wote, watu wazima na mimi, tukitafuta jina jingine la kuupa ugonjwa wake. Mmoja akasema tuseme figo. Mwingine akasema tuseme uvimbe tu, tusitaje wapi. Tulibishana juu ya jina mpaka adhana ikaadhiniwa, na hatukumwambia mtu yeyote.

Alipofariki, watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Masufuria ya pilau yalikuja mengine hatukujua yametoka kwa nani. Yule aliyetoa mbuzi wawili alimwambia babu yako kwa uchungu, "Kwa nini hamkutuambia mapema?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na trei ya vikombe mkononi, nikasikia, nikarudi jikoni. Nimekwisha kukimbilia jikoni mara nyingi sana maishani mwangu, Batuli.

Walimzika hapa Jeddah. Wanawake hatukwenda. Wewe uliniuliza kaburi lina rangi gani nikakwambia sijui, na mpaka leo sijui. Baba yako anasema ni mchanga na jiwe lisilo na jina, kama makaburi ya wote. Ukiulizwa huko kwenu mama yako alizikwa wapi, unaweza kusema Jeddah, inatosha.

Sasa nikuambie lililofuata, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani nilibaki jikoni tu.

Unaukumbuka mchezo wa Mama Zubeda, ule upatu wanaocheza kila mwezi? Ulikuwa unapenda siku za mchezo kwa sababu ya sambusa. Zamani mwenye zamu alinunua masufuria au bangili. Baada ya arubaini ya mama yako, Mama Zubeda aliwaambia wenzake kwamba kabla ya sufuria, kila mwenye zamu kwanza akapimwe mlango wa kizazi na matiti, na atakayebakiwa na kitu ndio anunue anachotaka. Wakaongeza kwamba wale dada wa majumbani wasio na bima walipiwe mchango na wenzao. Walinung'unika wengine, maana bangili ni bangili, lakini walikubali. Halafu wakauliza nani atakwenda nao kliniki, wengi Kiarabu chao ni cha yalla na halas. Hakuna aliyenitaja. Walinionea huruma, nadhani. Nilisema mimi nitakwenda. Nilisema kwa sauti ndogo mno mpaka ikabidi Mama Zubeda arudie kwa niaba yangu.

Wa kwanza alikuwa Mercy, dada wa Kenya anayefanya kazi kwenye nyumba kubwa mtaa wa nyuma yetu. Madam wake alikuwa amemkatalia, akimuuliza huku hana mume, anakwenda kupimwa nini. Mercy akamjibu kwamba mume yuko Kakamega, lakini mwili anao hapa. Madam alifikiria, akampa ruhusa na dereva. Tulipofika, daktari aliuliza yale maswali yote, na mimi nikayasema kwa Kiswahili moja baada ya jingine, shingo inawaka moto. Lile la damu baada ya kulala na mume nilipolitamka, Mercy alinitazama akasema, "Wee Sauda, kumbe unajua kuongea." Nikacheka. Baadaye chooni nikalia, kwa sababu lilikuwa jepesi. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, yanamalizika kabla mtu hajavuta pumzi.

Tangu hapo nimekwenda na wengi. Wengi hawakukutwa na kitu. Mmoja alikutwa na vidonda vya mwanzo vikachomwa, akarudi kazini, na kila Ijumaa ananitumia picha za maua kwenye simu. Nafurahi kwa ajili yake. Halafu nikizima simu namkumbuka dada yangu ameketi kitandani, anangoja niseme, na ile furaha haikai.

Nije kwako. Ulikuwa unajua kwamba mama yako alikufa kwa "tumbo". Ndivyo Bibi alivyotaka isemwe, na ndivyo tulivyosema, kwa sababu tulimheshimu na kwa sababu ilikuwa rahisi. Jana nilipokupeleka kununua begi sikuwa nimepanga chochote. Wewe ndiye uliyesimama katikati ya duka, umevaa begi la zambarau mgongoni, ukaniuliza kama wewe pia utapata tumbo la mama. Nikaona sura yako. Ulikuwa umelibeba swali hilo muda mrefu, na kila ulipoumwa na tumbo la maembe mabichi ulikuwa unadhani ndio hilo. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Nikakwambia haikuwa tumbo. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Nikakueleza ni mahali gani, na wewe, kwa sauti yako ile isiyo na kitufe cha kupunguza, ukauliza, "Ule mlango niliopitia mimi kuzaliwa?"

Mwenye duka ni Mpakistani, Kiswahili hajui, lakini nililowa jasho kana kwamba amesoma Mombasa. Tena nyuma yetu walikuwa dada wawili wa Kenya wanachagua mabegi ya kurudia nyumbani. Wakageuka wote wawili. Nikasema ndiyo, ule ule. Nikakwambia kwamba kuna chanjo, kwamba ukifika miaka kumi wataileta shuleni huko Kenya, na kwamba ukikua kuna kipimo, mambo mawili ambayo mama yako hakuyapata kwa wakati. Mmoja wa wale dada akakusogelea, akakurekebisha mkanda wa begi, akasema, "Pole, mtoto. Lakini shukuru unaambiwa. Mimi mama yangu walisema amerogwa, tukawachukia majirani miaka mingi."

Ulipofika nyumbani ukala wali sahani mbili.

Lakini ukweli niliokupa wewe ulikuwa unakwenda kukaa kwenye nyumba ambamo haukubaliwi, na nikaona si haki kukubebesha peke yako. Bibi akisema tumbo mbele ya wageni, wewe utafanya nini? Umbishie? Unyamaze? Ndiyo maana leo, ulipokuwa umekwenda na babu yako kununua tende, nilimpigia Bibi simu.

Ilikuwa simu ngumu. Nilimwambia kwamba wewe unajua, kwamba mimi ndiye niliyekwambia, na kwamba namwomba akuache upate chanjo. Akaniambia, "We Sauda, mtoto wa juzi, wanifunza maneno ya kusema nyumbani kwangu?" Nikamwambia la, namwomba tu. Akasema marehemu alikuwa na heshima yake, kwamba watu wa mtaani wakisikia ugonjwa huo watasema ni wa wanawake wenye tabia, na kesho watakutazama wewe. Alikuwa anamlinda mama yako, Batuli. Usije ukamfikiria vingine. Nikamweleza kwamba ugonjwa huu huletwa na kirusi, na mwanamke aweza kukipata ndani ya nyumba yake na mume mmoja. Hapo akawaka. "Sasa wamsema mwanangu Khamisi?"

Zamani hapo ndipo chai ingechemka. Nikamwambia simsemi mtu, kwamba daktari alisema karibu kila mtu hukutana nacho na wengi mwili hukifukuza wenyewe bila wao kujua, na kwamba dada yangu angekuwa hai kama mimi ningetaja dalili pale nilipoambiwa nizitaje.

Nikadhani amekata. Kisha nikasikia mlango unafungwa, na sauti yake ikarudi chini sana.

"Hizo dalili ni zipi?"

Nikazitaja. Nilipofika kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akanikatiza.

"Kama mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hata ikiwa kidogo tu?"

"Hata ikiwa kidogo tu."

Akasema nimkumbushe baba yako asisahau lile blanketi zito. Akakata.

Baba yako alirudi kutoka kazini magharibi. Nilimweleza mlangoni, kabla hajavua viatu, kwa sababu nilijua nikimwacha akae nitatafuta kikombe cha kuosha. Alisimama pale pale na funguo mkononi. Kisha akampigia simu msimamizi wake, akaomba aongezewe siku za kukaa Mombasa, na hakumwambia ni za harusi wala za shamba. Alimwambia ni za kumpeleka mama yake hospitali.

Labda si kitu. Si kila damu ni saratani, daktari alilisema hilo pia, na hilo nalo nililiruka siku ile. Nakuandikia ili ujue mnachokiendea, kwa sababu utakuwa katika nyumba hiyo na wakubwa watakuwa wanaongea kwa macho juu ya kichwa chako.

Usimuulize Bibi kitu. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Siku watakapokwenda hospitali, omba uende nao, ukae naye kwenye benchi. Ataona haya mbele ya baba yako, yule ni mwanawe wa kiume. Kuna maneno hatayasema akiwapo. Na nesi akimuuliza Bibi amekuja kwa ajili gani, akaanza kutazama sakafu, wewe mshike mkono umsemee. Unalijua jina la ule mlango.

Mamdogo wako,
Sauda